Je, kambi ya shule itamrudisha nyuma mtoto anayesumbuliwa na hesabu?

Swali: Mwanangu ana umri wa miaka 10 na yuko darasa la tano. Shule yao imetangaza kambi ya siku nne, usiku tatu kwenye mahema, katikati ya muhula. Hesabu za sehemu zinamshinda na mtihani uko mbele, kwa hiyo naona siku hizo zingemfaa zaidi darasani. Isitoshe, bado hukojoa kitandani mara mojamoja, na amenisihi nimwahidi kwamba akishindwa nitakwenda kumchukua usiku huohuo. Baba yake anasema aende akakomae. Nisaini fomu ya ridhaa au nimwache nyumbani?

Jibu: Mzazi mwenzangu, maoni yangu ni kwamba usaini, lakini usisaini kabla hujamwuliza mwalimu wake wa darasa mambo mawili: darasa limefanya nini kujiandaa na kambi hiyo, na litafanya nini katika wiki itakayofuata watoto wakisharudi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayokuonyesha kama siku nne hizo ni masomo au ni matembezi. Sina neno baya juu ya matembezi, kwani watoto wanayahitaji pia, ila shule isiyahesabu kuwa masomo huku mzazi akiombwa kukubali vipindi vikosekane.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndizo zilizokutia wasiwasi zaidi. Tuseme shule yenu ina kipindi kimoja cha hisabati kila siku, na kila kipindi kina dakika 40. Ndani ya siku nne mtoto atakosa saa 2 na dakika 40 za somo hilo. Muda huo si wa kupuuzwa, lakini mtoto ambaye sehemu zimemshinda kwa muhula mzima hataokolewa na vipindi vinne zaidi vya kufundishwa kwa namna ileile. Jambo la kwanza kujua ni wapi hasa anapokwama, na hilo unaweza kulichunguza mwenyewe jioni ya leo. Mpe ajumlishe 1/3 na 1/4. Akikuandikia 2/7, yaani amejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake, basi amefanya kosa ambalo walimu wa madarasa ya kati hulisahihisha kila mwaka, na linatokana na jinsi mtoto anavyoiona sehemu. Anaona namba mbili zilizotenganishwa na mstari, kila moja na maisha yake, wala haoni kwamba 1/3 ni namba moja yenye mahali pake kati ya sifuri na moja. Angeona hivyo, jibu la 2/7 lingemshtua mara moja, kwa sababu 2/7 ni ndogo kuliko 1/3, na haiwezekani ujumlishe kitu juu ya 1/3 ukapata pungufu ya hicho ulichoanza nacho.

Hapo ndipo uwanja mpana unapomsaidia mwalimu kuliko ubao. Chukua kamba ya urefu wa mita 12, uivute inyooke juu ya nyasi, na umsimamishe mtoto mmoja mwanzoni. Mwambie atembee theluthi ya kamba: atafika mita ya 4. Aongeze robo ya kamba ileile: atapiga hatua za mita 3 zaidi na kusimama kwenye mita ya 7, yaani 7/12. Sasa mwenzake aliyekuwa anashikilia jibu la 2/7 atafute mahali pake kwenye kamba hiyohiyo. Atagawa, atapima, na atajikuta amesimama karibu na mita tatu na nusu, nyuma ya alama ya theluthi ambayo mwenzake aliipita zamani. Hahitaji kuambiwa kwamba amekosea, kwa maana miguu yake mwenyewe iko mahali pasipowezekana. Kisha mwalimu anaweza kuuliza kwa nini kamba ya mita 12 inafaa kwa swali hili na kamba ya mita 10 inasumbua, na hapo watoto wanaanza kukikaribia kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 3 na kwa 4 bila kubakiza, kabla hawajatajiwa jina lake.

Utasema kwamba kamba inaweza kuvutwa hata kwenye uwanja wa shule, na ni kweli; mwalimu mzuri hasubiri kambi. Kinachoongezwa na kambi ni muda usiokatwa na kengele. Darasani mabishano ya maana kati ya watoto hukatishwa katikati kwa sababu kipindi cha somo lingine kimefika, lakini kambini mabishano hayo yanaweza kwenda mpaka mwisho wake, yakalala, na kuamkiwa asubuhi.

Chukua zoezi la kupima urefu wa mti kwa kivuli, ambalo ni la zamani na halihitaji kifaa cha kununua. Watoto wanasimamisha fimbo ya mita 1 na kupima kivuli chake; tuseme wamepata sentimita 80. Maana yake, kwa saa hiyo ya mchana, kivuli ni 4/5 ya urefu wa kitu chenyewe. Wanapima kivuli cha mti na kupata mita 6.4. Ikiwa mita 6.4 ni sehemu nne kati ya tano, sehemu moja ni mita 1.6, na mti mzima una mita 8. Mtoto aliyechoshwa na maswali ya sehemu kwenye daftari amefanya hivi punde swali gumu kuliko yale yaliyomshinda, na amelifanya kwa sababu alitaka kujua jibu.

Lakini uzuri wa zoezi hili umo zaidi katika majibu yasiyolingana. Kundi moja litaleta mita 8, jingine mita 9 na nusu, jingine mita 7. Mwalimu asiyejua kazi atatangaza jibu sahihi na kuwapigia makofi waliolipata. Mwalimu anayejua kazi atawarudisha wote chini ya mti wajieleze. Itabainika kwamba wa kundi moja walishika fimbo imeinama bila wao kuona. Wengine walipima kivuli cha fimbo kabla ya chai na cha mti baada ya chai, na jua halikuwasubiri. Kundi jingine lilianza kupima pale matawi yalipoishia badala ya kuanzia kwenye shina, na wapo waliopima mahali ambapo ardhi inateremka. Kila kosa lina sababu inayoweza kuonekana kwa macho na kurekebishwa kwa mkono, jambo ambalo ni nadra sana kwa makosa ya kwenye daftari, ambako mtoto huona alama ya mkasi mwekundu bila kujua kosa liliingilia wapi. Kwa mtoto aliyekwisha kujiona kuwa hesabu si zake, kugundua kwamba jibu baya lina chanzo, na kwamba chanzo hicho hakimo katika akili yake, ni jambo kubwa.

Baada ya kuyasema hayo yote, lazima niseme pia kwamba kambi haifundishi kwa kuwa tu ni kambi. Mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, John Dewey, ambaye hutajwa sana na wapenzi wa kujifunza kwa vitendo, alikuwa mwangalifu kuliko wengi wa wafuasi wake: katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya uzoefu na elimu alionya kwamba si kila tukio linalompata mtoto lina thamani sawa ya kielimu, na kwamba mengine humzuia kukua badala ya kumkuza. David Kolb, ambaye mwaka 1984 alieleza kujifunza kama mzunguko, aliweka kutenda kuwa hatua moja tu kati ya nne. Baada yake kuna kutafakari kilichotokea, kupata kanuni, na kuijaribu kanuni hiyo mahali papya. Kambi nyingi za shule za msingi huishia hatua ya kwanza. Ratiba hujazwa michezo kuanzia alfajiri hadi usiku, picha hupigwa, na Jumatatu mwalimu hufungua kitabu ukurasa uleule ulioachwa kama vile hakuna kilichotokea. Zipo pia zinazokosea upande wa pili, ambako darasa huhamishiwa chini ya mti na watoto hujaza karatasi zilezile ambazo wangezijaza wakiwa wamekaa kwenye madawati, tena kwa tabu zaidi kwa sababu ya upepo.

Ndiyo maana nimekutaka uulize kuhusu wiki ya kabla na wiki ya baada. Wiki ya kabla, watoto wanapaswa kuwa wamekwisha kutumia futikamba na rula, wamekwisha kuchora ramani ya uwanja wa shule kwa kipimo, na wana maswali yao wenyewe yaliyoandikwa. Wiki ya baada ni muhimu zaidi, na hapa sayansi ya kumbukumbu ina la kutwambia. Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo ya majaribio yake mwaka 1885, alionyesha jinsi tulichojifunza kinavyopotea haraka sana katika saa na siku za mwanzo, kisha polepole. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2006, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma matini tena na wale waliojaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojikumbusha ndio waliokumbuka zaidi. Wanafunzi hao walikuwa wa chuo kikuu, si wa darasa la tano, lakini kanuni hiyo inamfaa mwalimu wa shule ya msingi bila matatizo: siku chache baada ya kambi, awape watoto karatasi tupu, waeleze jinsi walivyopima mti na waandike hesabu yake bila kufungua daftari za kambini, ndipo wafungue na kujisahihisha. Kisha wapewe mlingoti wa bendera wapime upya. Mwalimu wa mwanao akikwambia kwamba amepanga kitu cha namna hiyo, umepata jibu la swali lako la kwanza, na unaweza kuacha kuhesabu vipindi vinavyokosekana.

Kuhusu madai makubwa ambayo huenda umeyasikia, kwamba kukaa nje kunaongeza akili, ningependa uyapokee kwa kiasi. Utafiti wa Ming Kuo na wenzake uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watoto wa darasa la tatu kwa wiki 10 na kuona kwamba baada ya somo lililofanyika nje kwenye majani na miti, walitulia na kufuatilia somo lililofuata ndani ya darasa kuliko baada ya somo lililofanyika ndani. Hilo linajibu hofu ya walimu wengi kwamba watoto wakitolewa nje hawakamatiki tena. Mwaka 2014 Yalda Uhls na wenzake walieleza kwamba watoto wa umri unaokaribia wa mwanao waliokaa siku 5 kwenye kambi ya nje bila simu wala televisheni walizidi kupata ujuzi wa kutambua hisia za watu kwa kutazama nyuso na ishara, kuliko wenzao waliobaki na maisha yao ya kawaida. Utafiti huo hautenganishi kilichowasaidia: ni miti, ni kukosa skrini, au ni kule kukaa pamoja kutwa nzima wakizungumza ana kwa ana. Mimi huelemea hilo la tatu, na sababu yangu ni yale ninayoyaona katika kazi za zamu.

Kambi za watoto tangu zamani zimejengwa juu ya makundi madogo. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwachanganya wavulana wa shule za matajiri na wa familia za kawaida, akawagawa katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wake kutoka miongoni mwao. Mpangilio huo umedumu kwa kuwa unafanya kazi. Kwenye kundi la watoto sita wenye zamu ya kuosha vyombo, hakuna pa kujificha: maji yasipotekwa, vyombo havioshwi, na wenzako wanajua ni nani hakuteka. Darasani mtoto mkimya anaweza kumaliza muhula bila kusema sentensi tano. Kambini lazima aseme kwamba kigingi cha upande wake hakijakazwa, la sivyo hema litawaangukia wote. Mwalimu mwangalifu huandika mambo haya, kwa kuwa mtoto aliyemwona akipanga kazi za wenzake kambini ndiye anayeweza kumpa uongozi wa kikundi darasani wiki inayofuata, hata kama alama zake za mtihani hazikuwahi kumpa heshima hiyo.

Sasa nije kwenye usiku, ambao nadhani ndio unaomtisha mwanao kuliko yote. Kukumbuka nyumbani ni jambo la kawaida kabisa kwa mtoto anayelala mbali na wazazi, wala si dalili ya udhaifu au ya kudekezwa. Mwanasaikolojia Christopher Thurber na daktari Edward Walton, katika mwongozo waliouandika mwaka 2007 kwa niaba ya chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, walisisitiza mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya kabla ya safari: mtoto ashirikishwe katika uamuzi wa kwenda, afanye mazoezi ya kulala mbali na nyumbani, aelezwe mapema kwamba huenda akakumbuka nyumbani na afanye nini hali hiyo ikimjia, na mzazi asiweke ahadi ya kwenda kumchukua. Hilo la mwisho linakuhusu moja kwa moja. Unaweza kuona kwamba ahadi hiyo itamtuliza, lakini yeye atasikia kitu kingine ndani yake, kwamba hata wewe huamini ataweza. Tena inamfungia njia ya kujisaidia, maana mtoto anayejua kwamba kilio kikizidi gari litakuja hana sababu ya kujaribu kitu kingine chochote. Na ukiahidi kisha usiende, utakuwa umevunja neno lako wakati anapokuhitaji zaidi.

Badala ya ahadi hiyo, mwambie ukweli: «Usiku wa kwanza unaweza kukukumbusha nyumbani. Ikiwa hivyo, mwambie mwalimu wako, kaa karibu na rafiki yako, na ukumbuke kwamba asubuhi mtakuwa na kazi ya kufanya.» Mpe kitu kidogo cha nyumbani akiweke ndani ya begi, hata kama ni leso unayoitumia. Mwandikie barua fupi ya kusoma usiku wa pili, na ndani yake usimwandikie jinsi unavyomkumbuka au jinsi nyumba ilivyopooza bila yeye; mwulize juu ya mambo atakayokuwa ameyaona. Kama kuna wiki mbili au tatu kabla ya safari, mpeleke alale kwa bibi au kwa shangazi usiku mmoja au mbili, bila simu ya usiku. Simu kambini sikushauri, kwa kuwa sauti ya mama saa mbili usiku huamsha machozi kwa mtoto ambaye dakika tano zilizopita alikuwa akicheka na wenzake. Walimu watakupigia kukiwa na haja.

Kuhusu kukojoa kitandani, tafadhali usilione kuwa jambo la aibu linalomfanya awe peke yake. Inakadiriwa kwamba karibu mtoto 1 kati ya 20 wa umri wa miaka 10 bado hulowanisha kitanda, kwa hiyo kwenye kambi yenye wanafunzi 40 usishangae mwalimu akikwambia kwamba wewe si mzazi wa kwanza kumjia na habari hiyo. Mwambie mwalimu mmoja tu atakayekuwa zamu ya usiku, na mwanao ajue kwamba umemwambia, ajue na sababu. Kubalianeni alale karibu na mlango wa hema, mwalimu amguse begani kabla yeye mwenyewe hajalala ili mtoto aende msalani, na awe na tochi yake. Weka nguo mbili za kulalia za ziada, kitambaa kisichopitisha maji cha kutandika ndani ya mfuko wa kulalia, na mfuko wa plastiki usioonyesha kilichomo, ili asubuhi aweke nguo zilizolowa na kuufunga bila maelezo kwa mtu yeyote. Usimnyime maji mchana kutwa, hasa akiwa anakimbia juani. Anywe vya kutosha mchana, apunguze saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Zipo dawa zinazoweza kutumika kwa siku chache kama hizi, lakini ni za kuandikiwa na daktari, na zikiandikwa zijaribiwe nyumbani kwanza, siyo usiku wa kwanza kambini.

Baba yake anaposema aende akakomae, naelewa anachotaka, na kwa sehemu namwunga mkono: mtoto hukua anapofanya jambo lililokuwa likimtisha. Lakini hofu inakuza tu pale mtoto anapokuwa na namna ya kuikabili. Mtoto aliyefungashiwa nguo za ziada, aliyepangiwa mahali pa kulala na anayejua jina la mwalimu wa kumwendea usiku, anakwenda kukabili hofu yake. Mtoto aliyesukumwa aende hivihivi akiwa na siri kifuani anakwenda kuomba isigundulike, na siku nne za kuomba hivyo hazimfundishi kitu. Zungumzeni hili ninyi wawili kabla hamjazungumza naye, kwa sababu mtoto akisikia kauli mbili zinazopingana atachagua ile ya woga.

Yapo pia maswali ya usalama, na hapa sitaki uone haya kuuliza, kwani shule iliyojiandaa haitachukia kuulizwa. Uliza ni watu wazima wangapi watakaokuwapo usiku, si mchana tu, na kama ni sheria kwamba hakuna mtu mzima anayekaa faragha na mtoto mmoja peke yake, wala kulala hema moja na watoto. Uliza nani anashika dawa na kuandika saa ya kuzitoa, na ukiwa na mtoto mwenye pumu hakikisha dawa yake ya kuvuta inakuwa karibu naye, haifungiwi kabatini. Uliza kituo cha afya kilicho karibu kiko umbali gani na gari lipo kambini usiku kucha au linarudi mjini. Uliza kuhusu vyoo, maji ya kunywa na mahali pa kunawia mikono kwa sabuni, maana ugonjwa wa tumbo huharibu kambi nyingi kuliko nyoka wanaoogopwa sana.

Swali la maji ningekuomba ulikazie. Ikiwa karibu na kambi kuna mto, ziwa, bahari au bwawa, hata kama kuogelea hakumo kwenye ratiba, uliza ni nani anayekuwa na jukumu la kutazama huko tu, bila kazi nyingine wala simu mkononi. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hana pumzi ya kuzipiga. Mpango wa watoto kutembea wawiliwawili na kuhesabiwa kila baada ya muda mfupi unasaidia, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya mtu mzima aliyekaza macho.

Kuhusu radi, kanuni ni rahisi na watoto wenyewe wanaweza kuisimamia: umeme ukionekana, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, ikiwa hazifiki 30, wote waingie ndani ya jengo imara au ndani ya gari lililofungwa, na wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hema si kinga, wala kivuli cha mti. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kila sekunde 3 ni karibu kilomita 1, na mwanao anaweza kupiga hesabu ya umbali wa radi akiwa amekaa salama ndani. Hesabu za sehemu zimemfuata hadi huko.

Kuna hali ambazo ningekushauri usisaini. Kama ana pumu ambayo haijatulia kwa wiki za karibuni, au shule ikikujibu kwa hasira au kwa maneno ya jumla unapouliza nani anatazama maji na nani analala wapi, mwache nyumbani bila kujilaumu. Hali kadhalika kama baada ya mazoezi ya kulala kwa ndugu bado hawezi kula wala kulala kwa hofu. Kambi ya mwaka ujao itakuwapo. Ukiamua hivyo, au kama gharama ndiyo itakayowazuia baadhi ya wazazi wenzako, mdai mwalimu mkuu kwamba wanaobaki wawe na mpango wa kweli wa siku hizo nne, wenye vipimo, ramani na kazi za nje kwenye uwanja wa shule, ili wiki inayofuata wasikae wakisikiliza hadithi za wenzao bila kuwa na cha kuchangia. Shule inayowaweka watoto wanaobaki kwenye darasa jingine wakichora tu kutwa imewaadhibu kwa kosa ambalo si lao.

Mpaka siku ya safari, mpe dakika 10 kila jioni na kipande cha kamba au utepe wa karatasi. Akunje nusu, robo, thumni. Aandike kwenye mikunjo. Akuonyeshe kwa kidole 3/4 iko wapi na kama 5/8 imeitangulia au imeifuata. Usimpe kanuni ya kujumlisha bado. Siku atakayorudi atakuwa amechoka na ana nguo chafu, kwa hiyo mwache aoge, ale na alale, na usianze kwa kumwuliza kama alilowanisha kitanda. Mwalimu atakwambia kama kuna la kusema. Kesho yake au keshokutwa, jua likiwa na kivuli kizuri, mpe fimbo na futikamba, umwombe akupimie urefu wa nyumba yenu, na akueleze wewe kila hatua kama anayemfundisha mtu asiyejua. Akikwama, usimsaidie haraka. Jibu lake liandikwe, na Jumatatu alipeleke kwa mwalimu pamoja na daftari lake la kambini.